Mheshimiwa Sylvestre Awaaga Walengaji wa Visahani

(Hotuba kamili ya Mheshimiwa Sylvestre, Mratibu Mkuu wa Komisheni ya Michezo ya Kulenga, aliyoitoa Jumamosi asubuhi mtaani Mulongwe, Uvira, siku ya kuiaga timu ya wanawake inayokwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya kulenga visahani vya udongo. Yaliyosemwa na kufanywa na watu waliohudhuria yamewekwa ndani ya mabano.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyealikwa. Mheshimiwa Mwakilishi wa huyo Mwakilishi, ambaye ndiye pekee aliyefika, na tunamwona pale anakunywa maji. Waheshimiwa wakuu wa mitaa, kuanzia Kavimvira kwenye forodha hadi hapa Mulongwe kwenye mto. Waheshimiwa mapadri, wachungaji na wainjilisti, kwa kufuata ukubwa wa makanisa yenu. Waheshimiwa wakuu wa huduma zote zenye mihuri. Waheshimiwa wawakilishi wa wafanyabiashara, wa wavuvi, wa wakulima wa bonde la Ruzizi, na wa wale ambao hawawakilishwi na mtu. Mama Mlezi wa Timu, ambaye kwa bahati njema ni mke wangu. Ndugu yangu Frédéric, Mkuu wa Protokole, aliyeniandikia orodha hii na kujiweka mwishoni kwa unyenyekevu. Na ninyi wananchi mliosimama juani kwa sababu viti vyote vimekaliwa na hao niliowataja: kwa kuwa hakuna mkubwa ninayemkumbuka ambaye sijamtaja, na kwa kuwa nisiyemkumbuka hawezi kuwa mkubwa sana, naomba nianze.

(Makofi. Anayepiga ni Frédéric.)

Mabibi na mabwana, leo si Jumamosi. Kalenda inasema ni Jumamosi, lakini kalenda haijui historia. Leo ni siku ambayo mji wetu wa Uvira, mji uliobanwa kati ya milima na ziwa, mji ambao watu wa mbali huusikia unapofurika tu au unapokimbiwa, unamtoa mwanamke wake, unamnyoosha mkono, unamfumba jicho moja, na kumpeleka mbele ya mataifa akalenge visahani vya udongo vinavyoruka angani! (Makofi. Mama mmoja anamwuliza jirani yake: "Bunduki waliipata wapi?" Jirani: "Nyamaza, tutasikia.")

Wazo hili halikuzaliwa kwenye kikao. Lilinijia mimi binafsi, nikiwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, kwenye atelye, yaani warsha, ya siku tano kuhusu chandarua, ambako kwa sababu za kiufundi nilibaki chumbani siku nne nikifuatilia televisheni. Ndipo nikamwona mwanamke amesimama wima, bunduki begani. Akatoa sauti moja tu. Mashine ikarusha kisahani cha udongo, kikaruka kwa kasi ya ndege aliyefukuzwa, mwanamke akakilenga, pa! kisahani kikawa vumbi, na watu wenye kofia nyeupe wakaandika alama moja. Visahani ishirini na vitano kwa duru, na anayevunja vingi ndiye anayepandishwa juu na kupigiwa wimbo wa nchi yake. Nikajiuliza: kwa nini si sisi? Na kwa kuwa chumbani hapakuwa na mtu wa kunijibu, nikachukulia kwamba pendekezo limepita kwa kauli moja.

Niliporudi niliunda Komisheni ya wajumbe kumi na mmoja. Kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa wanawake, tulihakikisha kwamba usawa wa jinsia unazingatiwa kikamilifu: wanaume kumi, na mwanamke mmoja ambaye uzito wake ni wa watu kumi, yaani Mama Mlezi, mke wangu. (Kicheko. Mama Mlezi hacheki.) Ninazungumzia uzito wa hoja! Frédéric, andika hapo: uzito wa hoja.

Komisheni ilikaa vikao arobaini na saba. Katika vikao hivyo ilitunga stratejia yenye nguzo tano, ya kwanza ikiwa uhamasishaji, ya pili uhamasishaji wa wahamasishaji, ya tatu ufuatiliaji wa uhamasishaji huo, na ya nne... Frédéric, ya nne ni ipi? (Frédéric anapekua karatasi, anapekua mifuko.) Ya nne itasambazwa kwa maandishi. Ya tano ni tathmini, ambayo tumekwisha kuifanya wenyewe bila upendeleo, nayo imeonyesha kwamba nguzo zilizotangulia zimefanikiwa kwa asilimia tisini na sita nukta tatu. Mtaniuliza, hiyo tatu nukta saba imekwenda wapi? Ilichukuliwa na mafuriko. (Sauti kutoka nyuma: "Na nyumba yangu pia!")

Pole sana, baba. Nyumba si mada ya leo.

Timu yetu ilianza na wanawake tisa. Kwa njia ya mchujo wa asili, maana yake wengine walichoka kusubiri, wengine waliolewa, na mmoja alirudi shule, timu imebaki imara, isiyo na mgawanyiko wowote wa ndani, yenye mtu mmoja. Huyu hapa! Apolline, binti wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Runingu! Simama, binti yangu, wakuone. (Apolline amesimama tangu saa moja. Amevaa koti la michezo linalomzidi mabega, na ana mfuko wa safari mkononi. "Papa Mratibu," anasema, "motokari inatoka saa ngapi? Minye niko tayari. Kule Kavimvira foleni ya mpaka iko ndefu.")

Mnaona? Mnaiona ari hiyo? Kizazi kipya kinauliza saa! Binti yangu, hilo ni swali la logistiki, na logistiki iko ukurasa wa tisa. Mimi niko ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tatu ni uwanja. Wapo watu wanaopita mitaani wakinong'ona kwamba timu haina uwanja. Uwanja upo. Jiwe la msingi nililiweka kwa mikono yangu hii, kando ya ziwa, mahali penye upepo mzuri, na picha mliziona. Baadaye ziwa likapanda. Ninataka nieleweke vizuri: uwanja haujahamishwa hata mita moja, haujauzwa, haujaibiwa, uko palepale, isipokuwa uko chini ya maji. (Sauti: "Na viboko je?") Viboko ni wawili tu, wanakuja kwa zamu, na hadi leo hawajaandika malalamiko yoyote. Komisheni inauhesabu kuwa uwanja wa kwanza wa aina yake kwenye Maziwa Makuu, na imeanza mashauriano ya kuangalia kama mashindano yajayo ya kimataifa yanaweza kufanyika humo, mara tu mataifa yatakapokubali kuja na mitumbwi yao. (Makofi machache.)

Sasa nizungumzie bunduki.

(Kimya.)

Naona mmenyamaza. Komisheni ilitafuta bunduki ya michezo, ile yenye mitutu miwili na cheti, ile ambayo haijawahi kumdhuru mtu. Tuliandika kwenye kila ofisi inayojua kusoma. Jibu tulilopewa, na ninalisoma kama lilivyo, ni kwamba bunduki za eneo hili ni nyingi vya kutosha, ila zote ziko kazini. (Mzee mmoja anavua kofia yake, anaitazama kwa ndani, anaivaa tena.) Tuendelee. Ukurasa wa tano.

Komisheni, mabibi na mabwana, haishindwi, ikikosa hubuni. Ninyi nyote mnaifahamu kazi ya mabinti wa bonde pale mpunga unapoanza kujaza punje: kusimama shambani tangu alfajiri hadi jua linazama, kombeo la kamba mkononi, wakirusha mawe na vidonge vya udongo ili ndege wasimalize chakula cha familia. Binti huyu amefanya kazi hiyo tangu ana miaka minane. Amewalenga ndege wadogo kuliko kidole gumba, ndege wanaoinuka bila kutoa taarifa. Hivyo basi, baada ya utafiti wa kina, Komisheni ilimgundua... (Apolline: "Hamkunigundua, Papa. Nilisikia tangazo kanisani, nikakuja kwa miguu.") ...Komisheni ilimgundua akija kwa miguu, na papo hapo ikaamua kwamba mazoezi yataanza kwa kombeo, kama hatua ya mpito kuelekea bunduki. Fundi Gédéon, mtengenezaji wa baiskeli, ambaye namwona amepanda juu ya tofali ili anione vizuri, akaunda mashine ya kurushia visahani kwa ubao, chuma cha kitanda na mpira wa ndani wa gurudumu, chini ya uongozi wangu wa kisayansi. (Gédéon: "Uongozi gani? Ulikuja mara moja, ukauliza kama inaweza kukamua mawese!") Nilikuwa nafungua upeo, fundi. Nilikuwa nafungua upeo.

Vikabaki visahani. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, kisahani cha mchezo huu lazima kiwe dhaifu, kipasuke mara tu kikiguswa, kwa sababu kisipopasuka alama haihesabiwi. Kazi hiyo tulimpa Mama Generose, shangazi yake Apolline, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vimo katika kila jiko la mji huu. Akatuletea visahani mia mbili. Vizuri ajabu! Vimechomwa vikaiva, ukivigonga vinalia kama kengele ya misa. Tukaenda uwanjani, yaani shambani nyuma ya kanisa, Gédéon akakirusha cha kwanza, Apolline akazungusha kombeo, jiwe likakipata katikati kabisa, ngiii! Kisahani kikaanguka majanini kizima, na jiwe ndilo lililopasuka. (Kicheko kikubwa. Hata Mwakilishi wa Mwakilishi ameacha maji yake.) Tukarusha cha pili, cha tatu, cha thelathini. Vyote vilirudi vizima. Kwa viwango vya kimataifa, mlengaji bora wa bonde zima alikuwa amepata sifuri.

Ilibidi niende mwenyewe kwa Mama Generose na ujumbe wa watu sita, nikamweleza kwa lugha ya upole kwamba taifa linamwomba afanye kazi mbaya zaidi. (Mama Generose, mikono kiunoni, kutoka katikati ya watu: "Sema na vile nilikujibu, Sylvestre! Nilikuambia hivi: minye nafinyanga tangu mama yangu iko hai, na hakuna mutu alisharudisha chombo yangu hata siku moja. Weye unataka nitengeneze sahani ya kuvunjika, halafu soko yote iseme Generose hajui tena kuchoma?") Naam. Alinijibu kwa lugha ya kitaalamu. Mazungumzo yalichukua wiki tatu, na katika wiki hizo wanachama wanne wa timu waliingia katika ule mchujo wa asili niliowaeleza.

Hatimaye Mama Generose alikubali kwa masharti mawili: kwamba visahani hivyo visipite kwenye moto kabisa, vikaushwe juani tu, ili mtu asije akasema vilikosewa kuchomwa, na kwamba visitiwe ile alama ya kidole ambayo yeye huiweka chini ya kila chombo chake. Sisi tukatia saini. (Mama Generose: "Na nililia. Cha kwanza kilivyovunjika, nililia." Gédéon: "Ulilia mpaka cha kumi, Mama. Cha kumi na moja ukaanza kupiga vigelegele." Mama Generose: "Kwani ningefanya nini? Mutoto alikuwa anavipata!") Mtaniuliza vile mia mbili vya kwanza viko wapi. Vilielekezwa kwenye matumizi ya kijamii, na wote waliokula samaki wa ndagala nyumbani kwangu sikukuu iliyopita ni mashahidi wa ubora wake.

Basi, siku ya jaribio rasmi, Apolline alirushiwa visahani ishirini na vitano vya jua, na akavunja... Frédéric, vingapi? (Gédéon anamtangulia: "Ishirini na vitatu! Kwa kombeo! Kimoja kilimponyoka sababu mbuzi alipita." Sauti: "Na kile kingine?" Gédéon: "Kile kingine alikosa tu. Naye ni mutu.") Ishirini na vitatu! Hiyo, mabibi na mabwana, ni asilimia tisini na mbili; na ukiijumlisha na ile asilimia tisini na sita ya stratejia yetu, unapata zaidi ya asilimia mia moja na themanini na nane, kiwango ambacho nchi nyingi zilizoendelea bado hazijakifikia! (Makofi marefu. Watu wanamtazama Apolline, si jukwaa. Mheshimiwa anainama kushukuru.)

Mimi si mtu wa kujisifu. Niliwaomba watu wengine wanisifu, na walipochelewa ndipo nikalazimika. Lakini haki ni haki: nani aliyemtoa binti huyu kwenye ndege na kumleta kwenye visahani? Nani amesimama na mwanamke wakati wengine wamekaa? Mwanamke, nawaambieni, ni nguvu. Ni nguvu ambayo ikiongozwa vizuri na mwanaume mwenye uzoefu inaweza kufika mahali popote ambapo mwanaume huyo amekwisha kufika. (Akina mama wanatazamana.) Tukirudi na medali, mambo yatabadilika. Nitajenga kiwanda cha visahani pale Runingu, chenye ajira elfu kumi. Nitajenga chuo cha kulenga, na barabara ya kwenda chuoni, na taa za barabara hiyo. Mto Mulongwe nitauelekeza upite mahali pengine. Maji ya bomba yatafika kila nyumba, na mwanamke hatabeba tena ndoo kichwani, maana kichwa cha mlengaji ni mali ya taifa. (Sauti: "Anza na maji, Mheshimiwa! Medali itatukuta!") Maji yanategemea medali, mama, ndivyo wafadhili wanavyotaka tufikiri.

(Apolline: "Papa, samahani. Ukurasa wa tisa iko mbali? Mama yangu aliniaga jana mbele ya kanisa lote. Waliniwekea mikono kichwani, wakaniimbia. Wameniachisha shamba msimu mzima, wadogo zangu ndio walifukuza ndege. Nikirudi leo jioni na huu mfuko, nitawaambia nini?")

Binti yangu, maombi hayaozi. Hata yakikaa. Lakini kwa kuwa umeguswa, na kwa kuwa mimi ni baba, nitaruka ukurasa wa nane, wenye takwimu nzuri sana, nifike ule wa tisa.

Logistiki. Ujumbe wetu kwenye mashindano utakuwa na watu kumi na wawili. Mimi, kama kiongozi wa ujumbe. Mama Mlezi, kwa ulezi. Frédéric, kwa protokole, maana huko tutasalimiana sana. Daktari wa timu, shemeji yangu, ambaye ni daktari wa mifugo, lakini mwili ni mwili. Mtaalamu wa stratejia. Mtaalamu wa kutathmini stratejia. Mpiga picha wangu, na mpiga picha wa akiba. Mtunza mavazi. Mtafsiri, kwa lugha ambayo bado hatujaifahamu. Kiongozi wa maombi. Na mlengaji, iwapo kiti kitabaki. (Kelele. "Iwapo?" "Amesema iwapo?" Mama Generose: "Watu kumi na moja wataenda kulenga nini, Sylvestre? Mate?") Utulivu! Pasipoti zinashughulikiwa. Yangu ninayo. Ya mlengaji iko katika hatua ya mwisho ya kuanza.

(Mama Generose: "Na ni inchi gani wanaenda?")

Swali zito hilo, na linastahili jibu zito. Kwa sababu za kidiplomasia, nchi mwenyeji haiwezi kutajwa hadharani kabla yenyewe haijajulishwa.

(Manung'uniko. Frédéric anamnong'oneza Mheshimiwa sikioni, anamwonyesha saa.)

Naambiwa muda hauko upande wetu, kwa hiyo tuinue roho zetu kwa kaulimbiu. Nikisema Kisahani, mseme Kivunjike! Kisahani! ("Kivunjike!") Sijasikia upande wa wavuvi. Kisahani! ("Kivunjike!") Mwanamke! (Wengine: "Alenge!" Wengine, kwa sauti kubwa zaidi: "Aende!") Uvira! ("Juu!") Komisheni! (Frédéric, peke yake: "Idumu!") Asante, Frédéric. Imetosha.

Sasa ningekuwa mtu asiye na malezi kama ningeshuka hapa bila kutoa shukrani. Namshukuru mwenye lile basi la buluu, aliyekubali lisimame hapa hadi saa nne tupige nalo picha ya safari, kabla halijaenda kupakia abiria wake wa mji wa Baraka. Nawashukuru wanakwaya waliomwazima Apolline koti la michezo, atawarudishia leo. Nawashukuru wenye duka la kuchapisha, waliotupatia bango hili kubwa la mashindano lililo nyuma yangu, ambalo tulilichukua kwenye internet kama lilivyo, tukaongeza picha yangu tu. Nawashukuru wajumbe wa Komisheni, chombo ambacho kitakuwepo rasmi siku karatasi yake itakaposainiwa. Na shukrani za pekee, kutoka ndani kabisa ya moyo wangu, ziwafikie waandaaji wa mashindano huko waliko, ambao hatujawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, na ambao kwa ukimya wao wametuonyesha kwamba hawana pingamizi lolote na ushiriki wetu.

(Hakuna anayepiga makofi. Apolline anauliza polepole: "Hamkuwaandikia?")

Kuandika, binti yangu, ni suala la wakati muafaka.

(Apolline anaweka mfuko chini. Anavua koti, analikunja vizuri, mkono juu ya mkono, anampa mwanakwaya aliye karibu. Mama Generose anasukuma watu hadi mbele ya jukwaa. "Sylvestre, huyu mutoto umemuaga aende wapi? Sema! Umetukusanya hapa kumuaga aende wapi?")

Mama Generose, kuna kuaga kwa safari na kuna kuaga kwa maono. Sisi leo tumeaga kwa maono, ambayo kwa upande wa gharama ni... ni... Binti, unatazama nini huko?

(Apolline anatazama bango. "Papa, sogea kidogo," anasema. "Weye unafunika maandishi.")

Maandishi gani? Huku chini ni mapambo tu ya wazungu.

(Gédéon ameruka kutoka kwenye tofali lake, anamshika Mheshimiwa kiwiko kwa heshima, anamsogeza hatua mbili. Chini ya bango, pale miguu yake ilipokuwa, kuna mistari miwili ya Kifaransa. Apolline anachuchumaa, anaisoma kwa sauti, kisha anawatafsiria walio karibu: usajili wa walengaji unafungwa tarehe kumi na tano, na maombi yatumwe kwa anwani hii ya barua pepe. "Leo ni tarehe ngapi?" anauliza. "Kumi na mbili," anajibu Gédéon, na simu iko mkononi mwake. "Andika, nitapiga picha karatasi na kuituma. Mega zangu za internet zinatosha barua moja.")

Wananchi! Naomba utulivu! Barua yoyote ya kimataifa sharti ipitie kwangu, ichapwe nakala sita, ipigwe muhuri mbele na nyuma, na kusubiri kikao cha arobaini na nane! Frédéric, wazuie! Frédéric!

(Frédéric anatafuta kalamu katika mfuko wa shati lake. Anaipata. Anampa Apolline. Apolline anatoa daftari kwenye mfuko wake wa safari, anararua karatasi ya katikati, anaiweka juu ya mgongo wa Gédéon aliyeinama, na kuandika akilitamka kila neno, huku watu wakimzunguka na kuacha viti vya mbele wazi. "Ninaitwa Apolline. Nina miaka kumi na minane. Ninaishi Runingu, kwenye bonde la Ruzizi. Bunduki ya michezo sijawahi kuiona, na zile nilizoziona sizipendi. Lakini kitu kinachoruka ninakipata, kwa jiwe. Nikifundishwa ya kwenu nitajifunza haraka. Nikichelewa mwaka huu, niambieni mwakani naanzia wapi." Mama Generose, akichungulia begani kwake: "Ongeza: sahani zikiwaishia huko, shangazi yangu iko." Watu wanacheka. Apolline anaongeza.)

Basi... basi nahitimisha. Nawashukuru wote kwa usikivu wenu mkubwa. Mungu aibariki Uvira, awabariki na... Kiti hiki kilikuwa na mtu sasa hivi. Apolline, binti yangu, hapo chini naona pamebaki pembe ndogo. Niandike na mimi, Sylvestre, Mratibu Mkuu. Herufi za kawaida tu, si lazima ziwe kubwa.

(Apolline, bila kuinua kichwa: "Karatasi imejaa, Papa.")